Injini Mpya Katika Lori la Zamani

(Hotuba iliyosomwa na mfasiri wa Serikali mbele ya wenye malori, madereva na mafundi wa Majengo, Nyeri.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya lori la zamani na injini yake. Yafaa nikiri mapema ya kwamba mimi si fundi. Kazi yangu ni kufasiri, na katika kazi hiyo nimepewa mara nyingi vitabu vya mitambo, hata ikanilazimu kwenda gerejini kuuliza kila kitu chaitwaje, maana mfasiri asiyekiona kitu hawezi kukipa jina lake. Mafundi wa hapa Majengo walinicheka sana siku zile, lakini walinifundisha. Kwa hiyo mengi nitakayosema leo ni maneno yao, nami nimeyapanga tu.

Swali ambalo nimeulizwa na watu wengi ni hili: "Ninalo lori langu la zamani. Chasisi ni nzima, bodi ni nzima, lakini injini yake yanywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani, na vipuri vyake havipatikani. Je, niitoe nitie injini ya dizeli?"

Nalijibu hivi: jambo hilo lawezekana, limefanywa tangu zamani, na mara nyingi lina faida. Lakini mtu adhaniye ya kuwa ananunua injini peke yake hajaielewa kazi anayoianza. Lori ni kama nyumba iliyojengwa kwa kipimo kimoja: injini, giaboksi, difu, rejeta, umeme na breki vilichaguliwa pamoja kiwandani. Ukiondoa kimoja, hapana budi uvitazame vyote vilivyobaki. Na kilicho cha hatari kuliko vyote, ambacho watu husahau, ni breki. Nitakuja huko.

Kwanza natueleze jinsi jambo hili lilivyoanza. Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuendesha injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, nayo ndiyo mama wa injini za petroli tunazozijua. Mwenzake Rudolf Diesel alifaulu na injini yake katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Kwa miaka mingi injini za dizeli zilikuwa kubwa, nzito na za polepole, zikafaa melini na viwandani kuliko barabarani. Ndipo Mwingereza Frank Perkins alipofungua kazi yake katika mji wa Peterborough mwaka 1932, akikusudia kutengeneza dizeli nyepesi yenye mbio. Mwaka 1937 alitoa injini ya silinda sita iliyoitwa P6, na watu wakaanza kuitia katika malori ambayo yalizaliwa na injini za petroli. Wenye Bedford walikuwa miongoni mwao. Katika miaka ya 1950 kiwanda chenyewe kikauza Bedford zenye Perkins tangu mwanzo, na mwaka 1957 kikatoa dizeli yake chenyewe.

Ninataja Bedford kwa sababu wazee waliomo humu wanaifahamu. Nani asiyeikumbuka Bedford ya TJ yenye pua, iliyopanda na kushuka barabara hizi na kabichi za Kieni na magunia ya viazi? Lakini kiwanda cha malori cha Dunstable kiliuzwa mwaka 1987, na jina hilo likafifia. Hapa kwetu kampuni ya General Motors, iliyokuwa ikiunganisha malori Nairobi, ilibaki na Isuzu, na tangu mwaka 2017 yaitwa Isuzu East Africa. Mwenye Bedford ya petroli leo hutafuta kabureta yake kwa taabu, lakini kipuri cha Isuzu hukipata Nyeri, Karatina na Nanyuki. Kwa maoni yangu sababu hii ya vipuri ni kubwa kama ile ya mafuta, maana lori lililolala siku kumi likingoja gasketi halikuletei hata senti moja.

Na msidhani kwamba kuchanganya hivi ni kazi ya mafundi wa vichochoroni tu. Huko Australia, katika miaka ya 1980, Land Rover za jeshi zilitengenezwa kiwandani zikiwa na dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, mfano ule ule uliotumika katika malori madogo ya Isuzu. Wahandisi walikaa mezani, wakapiga hesabu, wakaona yafaa.

Sasa, kwa nini dizeli hutumia mafuta machache? Katika injini ya petroli, mafuta na hewa huchanganywa katika kabureta na kuingia pamoja katika silinda. Pistoni hushindilia mchanganyiko huo, na katika injini za zamani huufikisha sehemu ya sita au ya saba ya nafasi yake ya kwanza, kisha plagi huuwasha kwa cheche. Katika dizeli hewa huingia peke yake, nayo hushindiliwa zaidi sana, mpaka sehemu ya 16 hata ya 20. Yeyote aliyepiga pampu ya baiskeli anajua ya kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Ndani ya dizeli joto hilo hupita nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yakirushwa na nozeli huwaka yenyewe bila cheche. Kushindilia huko ndiko kunakozidisha kazi inayopatikana katika kila tone.

Iko sababu ya pili. Katika njia ya hewa ya injini ya petroli umo mlango mdogo. Dereva akiachia pedeli ya mafuta, mlango hufungwa, na injini huvuta hewa kwa shida kama mtu apumuaye kwa mrija. Dizeli nyingi hazina mlango huo. Hupumua wazi wakati wote, na kinachopunguzwa ni mafuta tu. Ndiyo maana lori la dizeli likirudi tupu kutoka sokoni hutumia mafuta kidogo sana. Naomba mkumbuke habari ya mlango huu.

Haya, natufanye hesabu. Tuseme Bedford ya petroli hutumia lita 36 kwa kila kilomita 100, na ikitiwa dizeli hutumia lita 24. Kwenda Nairobi na kurudi ni kama kilomita 300. Safari moja, basi, ni lita 108 za petroli au lita 72 za dizeli. Zimebaki lita 36. Mtu aendaye safari tatu kila wiki kwa wiki 50 atabakiza lita 5,400 kwa mwaka. Huyo na afanye haraka! Lakini jirani yake ambaye lori lake hutoka wakati wa mavuno tu, safari 20 kwa mwaka, atabakiza lita 720. Lori ni lile lile na injini ni ile ile, lakini mmoja atarudishiwa fedha zake upesi na mwingine atangoja miaka mingi, na pengine lori litakufa kwa kutu kabla hajarudishiwa.

Hesabu hiyo nimeifanya kwa lita, kwa sababu bei hutangazwa upya na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Kila mtu achukue bei ya siku yake. Lakini msiutumie mfano wangu huu wa lita 36 na 24, maana huo ni wangu. Jaza tangi mpaka mdomoni, safiri, rudi kwenye kituo kile kile, jaza tena mpaka mdomoni, na uandike lita zilizoingia. Fanya hivyo mara tatu. Najua ya kwamba katika malori mengi ya zamani saa ya kilomita ilikufa siku nyingi. Basi tumia safari ambayo umbali wake unajulikana.

Kabla ya kutoa injini, muulize fundi kama ndiyo mgonjwa kweli. Nimeona mtu akilalamika juu ya injini, kumbe breki za nyuma zilikuwa zimekamata na magurudumu yalikuwa ya moto kama jiko. Fundi apime pumzi ya kila silinda kwa kipimo chake. Ni kazi ya saa moja. Pumzi ikiwa ndogo, atie oili kidogo katika silinda na apime tena: ikipanda, ringi zimechakaa; isipopanda, shida yawezekana kuwa katika valvu au gasketi. Pia kumbukeni ya kwamba sisi tunakaa juu. Nyeri iko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini humwaga petroli nyingi mno kwa hewa yetu. Kubadili jeti yake tu kumeponya malori ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuyakatia tamaa.

Hewa hii nyepesi haimwachi mwenye dizeli pia. Injini isiyo na taabo hupoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Hapa kwetu, basi, hukosa sehemu 17 au 18 katika mia. Pampu ya dizeli isipopunguzwa, hutoa mafuta yale yale kwa hewa iliyopungua, na matokeo yake ni ule moshi mweusi tunaoupumua nyuma ya malori yakipanda. Moshi ule ni mafuta mliyoyanunua. Maji nayo huchemka mapema zaidi huku juu, yapata nyuzi 94 badala ya 100, kama wajuavyo mama zetu ambao githeri yao hukawia jikoni kuliko ya watu wa pwani. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kiwe kizima chenye kushika nguvu, wala kisiwe kipande cha tambara. Rejeta yenyewe iwe ya kutosha injini mpya.

Sasa nafika kwenye breki, nami nitawaeleza yaliyonipata mwenyewe.

Nilipokuwa mvulana, mjomba wangu alikuwa na Bedford ya petroli. Akapata Perkins ya silinda sita iliyotolewa katika lori lililopinduka, na fundi mmoja, ambaye simtaji, akaitia kwa siku nne. Injini ilinguruma vizuri. Mjomba akafurahi, akapakia viazi, nasi tukaondoka alfajiri. Mimi nilikuwa juu ya magunia pamoja na utingo. Mpaka Karatina hapakuwa na neno. Tulipopita Kibirigwi na kuanza kuteremka kuelekea Sagana, nikasikia mjomba akipiga kelele kutoka kebini. Pedeli ya breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Alisimama juu yake kwa miguu miwili, na lori likapunguza mwendo kidogo tu. Bahati yake alikuwa mtu wa zamani, ateremkaye kwa gia ile ile ambayo angepandia. Akarudisha gia moja zaidi kwa kelele iliyotisha, utingo akaruka chini na kigingi chake, na mwisho lori likaegemea ukingo wa udongo upande wa kushoto. Hakufa mtu. Viazi vilimwagika, na watu wa pale walitusaidia kuviokota, ingawa si vyote vilivyorudi.

Nini kilitokea? Mnaukumbuka ule mlango mdogo katika njia ya hewa ya petroli. Dereva akiachia mafuta, mlango hufungwa, na nyuma yake injini hunyonya kwa nguvu. Watengenezaji wa malori ya petroli waliutumia mnyonyo huo: waliuongoza kwa bomba mpaka kwenye busta, ambayo humsaidia dereva kukanyaga breki. Dizeli isiyo na mlango hainyonyi hivyo. Ukilifunga bomba la busta kwenye dizeli, au ukiliacha likining'inia kama alivyofanya fundi wetu, dereva hubaki na nguvu za mguu wake peke yake kusimamisha tani tano. Dizeli iliyotengenezwa kwa lori la namna hiyo huwa na pampu yake ya vakyumu, inayozungushwa na injini. Ile ya mjomba ilikuwa imeng'olewa katika ajali, na hakuna aliyeuliza iko wapi.

Tena, mlango huo huo ukifungwa huizuia injini ya petroli na kulishika lori mteremkoni. Dizeli hushika kidogo kuliko hivyo, na ndiyo sababu malori mengi ya dizeli hutiwa breki ya ekzosti. Dereva aliyezoea petroli na ajue ya kwamba mteremko anaoujua umebadilika chini yake.

Kwa hiyo, unaponunua injini, iwe ya gari lililovunjwa hapa nchini au iliyoletwa kutoka Japani, inunue na vyote vyake: pampu ya mafuta, pampu ya vakyumu, stata, oltaneta, flaiwili, na ikiwezekana giaboksi lake pia. Injini tupu ya bei ndogo huwa ghali ukianza kutafuta kimoja kimoja. Wengine wameuliza juu ya Perkins za trekta, maana wanaziona mashambani. Katika matrekta mengi ya Massey Ferguson injini ndiyo mgongo wa trekta, na karta yake ni chuma kizito kilichofungwa mbele na nyuma; haikai juu ya mauntini za lori bila kazi kubwa, nayo huzunguka polepole mno kwa barabara.

Mwendo wenyewe ni jambo la kutazamwa. Petroli iliyozunguka mara 3,200 kwa dakika ikaenda kilomita 70 kwa saa, ikipokewa na dizeli isiyopita mara 2,400, lori lile lile kwa difu ile ile litakwenda kilomita 52 na nusu tu. Litapanda kilima kwa moyo, lakini kule tambarare za Makutano kila mtu atalipita, na dereva ataikamua injini mpaka aiue. Dawa yake ni kubadili difu au giaboksi, nayo ni fedha. Iwekwe katika hesabu tangu mwanzo. Vilevile dizeli ni nzito kuliko petroli, na springi za mbele zitalia. Na malori mengi ya Kijapani yana umeme wa volti 24, hali Bedford ina 12. Nimesikia habari za mtu aliyewasha taa siku ya kwanza, balbu zote zikakatika pamoja.

Mwisho ni habari ya karatasi, ambayo najua haipendwi. Namba ya injini imeandikwa katika logibuku yako. Ukibadili injini, hapana budi NTSA ijulishwe, gari likaguliwe, na namba mpya iandikwe. Usipofanya hivyo, siku ya ukaguzi utaulizwa, na siku ya ajali mwenye bima atauliza zaidi. Kwa hiyo usinunue injini ambayo namba yake imekwanguliwa, hata ukiambiwa ni ya shemeji yake muuzaji. Chukua risiti, na karatasi za forodha ikiwa imetoka ng'ambo, uziweke pamoja na logibuku.

Mjomba alilitengeneza lile lori. Alitafuta pampu ya vakyumu kwa wiki tatu, akaipata Thika, na Bedford ile ikafanya kazi miaka mingine tisa kwa mafuta machache kuliko zamani. Lakini katika muda huo wote hakunipandisha tena juu ya magunia. Alinikalisha kebini, karibu na mlango.

Fundi aliyeketi hapa mbele ameleta busta ya zamani na pampu ya vakyumu, naye amekubali kuvifungua mezani ili kila mtu avishike kwa mkono wake. Wenye maswali juu ya spana wamwulize yeye. Wenye maswali juu ya maneno waniulize mimi.